Begi la Kilo Nane: Nani Alitubebesha?

Kila familia hapa Kenya ina mjomba mmoja aliyetembea kilomita kumi kwenda shule, bila viatu, akivuka mto wenye viboko. Wetu hututembelea Jumapili. Juzi alimkuta dadangu mdogo akijikanda mabega, akauliza shida ni nini, akaambiwa ni begi. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. "Begi tu? Nyinyi watoto wa siku hizi!"

Sikujibu. Huwezi kubishana na mjomba ukiwa umekalia kochi alilonunua yeye. Lakini Jumatatu jioni nilichukua lile begi vile lilivyotoka shule, sikutoa kitu, nikalipeleka kwa jamaa wa vyuma chakavu hapo nje ya ploti yetu. Ana mizani ya kuning'iniza. Tukalitundika. Kilo 8.6. Jamaa akaniuliza kama nimemletea betri ya gari.

Dadangu ako kidato cha tatu na ana kilo 46. Wataalamu wengi wa mgongo hushauri begi la mwanafunzi lisipite asilimia 10 ya uzito wa mwili wake, wengine wanafika hadi 15. Kwa kipimo cha kwanza, begi lake lilifaa kuwa kilo 4.6. Liko karibu asilimia 19. Ukitoa ile 4.6 inabaki kilo 4 kamili, na wewe unajua kilo 4 ni nini: ni pakiti mbili za unga. Yaani kila asubuhi huyu mtoto anabeba vitu vyake, halafu juu yake pakiti mbili za unga, anatembea dakika ishirini na tano hadi shule, na jioni anazirudisha.

Sisemi begi litampinda uti wa mgongo maisha yake yote. Mimi si daktari, na chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite mtaalamu. Nasema linamuuma sasa. Nasema saa kumi na mbili asubuhi ashachoka kabla hajasoma neno moja.

Nikajiuliza: hizi pakiti mbili za unga ziliingia lini kwa begi? Kwa sababu mjomba hadanganyi. Alitembea kweli. Basi nikampigia simu nikamuuliza swali moja tu: "Mjomba, ukitembea hizo kilomita kumi, ulikuwa umebeba nini?"

Akanyamaza kidogo. "Daftari mbili. Tatu siku zingine. Na kiazi kitamu."

"Na vitabu?"

"Vitabu vilikuwa vya shule, bwana. Vinabaki shule."

Wasee, historia yote ya hili begi iko hapo kwa hayo majibu mawili.

Tuanze mbali kidogo. Wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, na shule za aina hiyo zikafuata zingine nyingi. Mtoto wa zamani hizo aliandika kwa kibao cha sleti, akafuta, akaandika tena. Shule kubwa za sekondari zilipokuja, kama Maseno iliyoanza 1906 na Alliance iliyoanza 1926, zilikuwa za bweni. Mwanafunzi alifika na sanduku mwanzo wa muhula, akalirudisha nyumbani mwisho wa muhula. Kati ya hapo vitabu vililala kwa dawati. Hakuna mtu alihitaji begi la kila siku.

Baada ya uhuru watoto waliotaka sekondari walikuwa wengi kuliko nafasi. Wananchi wakachanga, wakajenga shule za Harambee. Ndiko mjomba alisoma miaka ya 1970. Vitabu vilikuwa vichache, wanasoma watatu watatu kwa kitabu kimoja, lakini kitabu kilikuwa mali ya shule. Kilikuwa na nambari na muhuri, unapewa ukisaini, unakirudisha. Kwa shule za msingi nazo serikali ilikuwa na mpango wake wa kusambaza vifaa, hadi madaftari na penseli. Sisemi ilikuwa raha. Kusoma watatu kitabu kimoja si raha. Lakini mgongo wa mtoto haukuwa stoo.

Halafu zikaja miaka ya 1980, na hapo ndipo begi lilianza kujaa.

Mwaka 1981 Rais Moi aliunda tume chini ya Mkanada Colin Mackay, ichunguze jinsi ya kuanzisha chuo kikuu cha pili. Tume ikarudi na mapendekezo ya chuo kikuu pamoja na mfumo mpya mzima wa elimu. Januari 1985 mfumo wa 7-4-2-3 ukaondoka, 8-4-4 ikaingia. Kidato cha tano na cha sita vikafutwa, na mengi yaliyokuwa huko yakashuka chini. Yakaongezwa masomo ya mikono: kilimo, sayansi kimu, useremala, biashara. Wazo halikuwa baya, walitaka mtu akimaliza shule awe anaweza kujiajiri. Lakini kundi la kwanza la KCSE, mwaka 1989, lilitahiniwa masomo 10. Baadaye yalipunguzwa hadi manane, na siku hizi kiwango cha chini ni saba. Hata wenyewe waliona wamejaza kupita kiasi.

Kila somo linaleta kitabu na daftari. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Kitu cha pili kilikuja mwaka 1988, na watu wengi wa rika letu hawakijui, ingawa ndicho kilichotugonga zaidi. Serikali haikuwa na pesa, wakopeshaji wa nje walikuwa wanabana, na jopo lililoongozwa na James Kamunge lilikuwa limependekeza wazazi wabebe sehemu kubwa ya gharama za shule. Serikali ikakubali, ikaandika kwenye Waraka wa Bunge Nambari 6 wa mwaka huo. Ukaitwa mpango wa kugawana gharama. Kuanzia hapo kitabu kikawa jukumu la mzazi.

Fikiria hiyo inabadilisha nini. Kitabu cha shule kinalala shule. Kitabu alichonunua mathee kwa pesa ya mboga kinalala wapi? Kinalala na wewe. Kinaenda na wewe hadi chooni, kwa sababu kikiibwa hakuna kingine. Begi la Mkenya likawa kabati, na kufuli yake ni mabega yako.

Kitu cha tatu ni miaka ya 1990. Kabla ya hapo vitabu vingi vya kozi viliandikwa na taasisi ya serikali ya mitaala na kuchapishwa na mashirika yake mawili, Jomo Kenyatta Foundation na Kenya Literature Bureau. Mwaka 1998 sera mpya ikafungua soko kwa wachapishaji wengine. Ushindani ulileta vitabu vizuri, hilo nakubali. Lakini pia ulileta kitabu cha mwalimu, kitabu cha jirani, na kitabu cha marudio cha kila somo, kwa sababu mtihani ni mmoja na kila mtu anaogopa swali litoke kwa kile ambacho hana.

Sasa nije kwangu. Mimi niliingia kidato cha kwanza Januari 2018. Masomo ya sekondari ya kutwa yalikuwa yametangazwa kuwa bila karo tangu 2008, na 2018 ndio mwaka serikali iliamua kila aliyefanya KCPE lazima aende sekondari. Ni uamuzi mzuri. Bila huo pengine mimi ningebaki mtaani. Mwaka huo huo serikali ikaanza kupeleka vitabu vya masomo ya msingi moja kwa moja shuleni: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na sayansi tatu, kila mwanafunzi na chake.

Kwa hivyo kitabu kilirudi kuwa cha shule, kama enzi za mjomba. Begi lilifaa kuwa jepesi, si ndio?

Haikuwa hivyo. Madarasa yetu yalikuwa yamejaa hadi dirishani. Dawati halina mfuniko, mlango wa darasa haufungi, na kabati lilikuwa moja tu, la ofisini. Tukapewa vitabu na onyo: ukipoteza, unalipa. Kwa hivyo tukavibeba vyote kila siku, hata Ijumaa tukijua Jumatatu tutavirudisha bila kuvifungua. Kidato cha tatu nilijaribu kuwa mjanja, nikaacha kitabu cha Fizikia chini ya dawati. Asubuhi hakikuwepo. Mathee alilipa. Tangu siku hiyo sikuacha hata karatasi.

Na dadangu anafanya vivyo hivyo leo. Nilimwambia amwage begi lote kwa meza tuhesabu. Vitabu sita vya serikali vyenye muhuri. Madaftari manane makubwa, yale ya kurasa 200. Kamusi. Vitabu viwili vya marudio. Riwaya na tamthilia. Seti ya jometri. Nguo za michezo. Kontena ya chakula. Na chupa ya maji ya lita moja na nusu, hiyo peke yake ni kilo moja na nusu, kwa sababu mfereji wa shule hukaa siku nyingi umekauka.

Nikamuuliza leo alitumia nini. Akatoa vitabu vitatu na madaftari matano. "Na mbona usiache vingine shule?" Akaniangalia kama mtu ameuliza swali la kijinga. "Si unakumbuka kitabu chako cha Fizikia?"

Ukiangalia hiyo meza utaona kila kitu kina mwaka wake. Masomo mengi ni 1985. Hofu ya kupoteza kitabu ni 1988. Vitabu vya marudio ni miaka ya 1990. Muhuri wa serikali ni 2018. Kila aliyepitisha uamuzi aliongeza kitu kwa begi, na kila mmoja alikuwa na sababu. Hakuna aliyeuliza kitawekwa wapi.

Na hapa ndipo nakasirika kidogo. Mwanafunzi wa bweni bado analala mita chache kutoka kwa dawati lake. Anayebeba kilo nane asubuhi na jioni ni wa kutwa. Na wa kutwa ni nani? Mara nyingi ni yule ambaye nyumbani hawawezi karo ya bweni, ambaye hana gari la shule, ambaye makanga anamwambia ashuke kwa sababu begi lake linachukua nafasi ya abiria. Mzigo mzito zaidi tumempa mtoto mwenye usaidizi mdogo zaidi.

Usifikirie ni sisi peke yetu. Wahindi walianza kupigana na hili kitambo. Mwaka 1989 mwandishi wa riwaya R.K. Narayan, aliyekuwa ameteuliwa katika baraza la juu la bunge la India, alisimama akazungumzia mabegi ya watoto wa shule. Mtu mzima wa miaka themanini na kitu, anapewa nafasi ya kuongea bungeni, anachagua begi! Hotuba hiyo ilichangia kuundwa kwa kamati ya Profesa Yash Pal, ambayo mwaka 1993 ilitoa ripoti kuhusu kusoma bila mzigo. Mwaka 2020 serikali yao ikatoa sera kwamba begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wa mtoto, na shule ziwe na mizani. Ilichukua zaidi ya miaka 30, na bado kutekeleza ni shida. Lakini walianza kwa kulipima.

Darasa la dadangu ndilo la mwisho la 8-4-4. Wanatarajiwa kufanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Mfumo mpya nao ulianza kwa kishindo kile kile: Sekondari ya Chini ilipofunguliwa 2023 masomo yalikuwa zaidi ya kumi, mwaka uliofuata yakapunguzwa hadi tisa. Umeona hiyo stori tayari. Tunajaza kwanza, tunapunguza baadaye, na katikati kuna mtoto amebeba.

Dawa yenyewe si ngumu. Kabati lenye kufuli nyuma ya kila darasa. Ratiba isiyobadilishwa ghafla asubuhi, ili mtu abebe vya siku hiyo tu. Kitabu kikubwa kichapishwe kwa vipande, kila muhula na chake. Maji kwa mfereji. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji tume.

Nilimpigia mjomba tena nikamwambia zile hesabu: 46, 8.6, pakiti mbili za unga. Safari hii hakucheka. Aliuliza mkutano wa wazazi ni lini. Nikamwambia ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mathee amesema atasimama aulize habari ya makabati. Mjomba akasema kama shida ni kabati, fundi wa jua kali analitengeneza kwa siku mbili, na yeye atatoa mbao.

"Sisi tulijenga shule nzima hivyo," akasema.