Beitikasta Yako na Bass wa Naivasha: Uzi Gani Unaingia Hapo?

Sasa umepata beitikasta. Labda binamu alikuletea akitoka majuu, labda uliiokota kwa mitumba na bei ikakubali. Iko kwa keja yako pale Donholm inang'aa kando ya TV, na kitu imebaki ni uzi. Hapa ndipo wasee wengi huchomeka. Wanaingia duka, wanaambiwa "chukua hii ndiyo kali," wanatoka na uzi wa kuvulia baharini, halafu wakifika ziwani rili nzima inageuka sufi ya mto.

Kwanza mjue samaki mwenyewe, juu yeye ndiye anaamua. Bass wa mdomo mkubwa si mzaliwa wa huku. Asili yake ni Marekani, na aliwekwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 ili watu wa enzi za ukoloni wapate mchezo wa kuvua. Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, kwa hivyo ukitoka Donholm ni matatu ya tao, kisha matatu ya Naivasha, umefika. Huyu samaki hazururi katikati ya ziwa. Anajibanza kwa ukingo wa mafunjo, chini ya gugumaji, ama kwa ile miti ya migunga iliyokufa ikisimama ndani ya maji baada ya ziwa kupanda 2019 na 2020. Anangoja kitu kipite, anakimeza, na sekunde hiyo hiyo anarudi kwa maficho.

Shika hiyo point vizuri: uzi hauchaguliwi kwa uzito wa samaki, unachaguliwa kwa uchafu anaojificha ndani. Cheki hesabu. Bass wakubwa kabisa kwa rekodi za dunia ni wawili waliotoka sare: wa George Perry, Georgia, Marekani, mwaka wa 1932, kilo 10.09, na wa Manabu Kurita, Ziwa Biwa, Japani, mwaka wa 2009, kilo 10.12. Uzi wa paundi 25 unabeba kama kilo 11, yaani ungemning'iniza yeyote kati ya hao. Lakini utapata msee Naivasha ameweka uzi wa paundi 50 na samaki anayemtafuta hafiki hata kilo mbili. Huyo hajachizi. Anajua atavuta bass pamoja na kilo kadhaa za majani.

Halafu kuna rili yenyewe. Kwa rili ya kawaida spuli imesimama na uzi unajitoa tu. Kwa beitikasta spuli inazunguka ikitupa. Chambo kikipunguza mwendo, ama upepo ukikipiga usoni, spuli bado iko mbio, uzi unamwagika kuliko unavyohitajika, na unapata kile wavuvi huita kiota cha ndege. Dole gumba ndiyo breki yako ya kwanza. Uzi mwembamba unafanya mambo kuwa mabaya zaidi juu unajizamisha katikati ya mizunguko ya chini, na ukitupa tena unanasa ghafla na chambo kinapaa peke yake kuelekea Hell's Gate. Kwa sababu hiyo, nyuzi za paundi 6 ama 8 ziachie rili ndogo.

Anza na monofilamenti, yaani uzi mmoja wa nailoni. Usishtuke na jina. Kenya inakataza nyavu za monofilamenti, si uzi wa ndoana moja. Ni wa bei ya chini, fundo lake halisumbui, na ukipata kiota unaweza kukaa chini ukifumua bila kulia. Unavutika kama raba, jambo ambalo linasamehe mkono wa mtu anayejifunza, na hauzami haraka, so chambo cha juu ya maji kinacheza poa. Ubaya ni kwamba unakunywa maji na kupoteza nguvu kidogo, jua linaukausha, na ukikaa sana kwa spuli unashika umbo la springi. Kama hii ndiyo beitikasta yako ya kwanza, nunua monofilamenti ya paundi 15 na ufunge mdomo wa mwenye duka. Paundi 12 inaweza, lakini 15, ambayo ni kama kilo 6.8, inakupa nafasi ya kukosea.

Fluorokaboni ndiyo ile wasee wa YouTube hupenda kusifia. Kampuni ya Kureha ya Japani ndiyo iliyoanza kutengeneza uzi wa aina hii mwaka wa 1971, na sifa yake kubwa ni kwamba unapindisha mwanga karibu sawa na maji, hivyo samaki hauoni vizuri. Pia unazama, hauvutiki sana, na unavumilia kusuguliwa na mawe na matawi. Shida ni kwamba Naivasha si maji ya glasi. Kamongo, sorry, hakuna kamongo huko. Carp ndio wanachimbua matope chini na mito inaleta udongo, so maji mara nyingi ni ya rangi ya chai ya maziwa. Unalipia uzi usioonekana ndani ya maji ambayo hata kidole chako hukioni. Tena ni mgumu, na mikononi mwa mwanagenzi unaruka kutoka kwa spuli kama una hasira. Thamani yake ni ukivua kwa minyoo wa plastiki katikati ya ile miti iliyozama. Hapo paundi 15 ama 17 inafanya kazi. Kwa chura wa plastiki wa juu ya maji usiiweke, itamzamisha pua.

Uzi wa kusukwa ndio mfalme wa mafunjo. Ni nyuzinyuzi za polithini kali zilizosukwa pamoja, na unene ndio unashangaza: wa paundi 30 ni mwembamba kama monofilamenti ya paundi 8, na wa paundi 50 ni kama ya 12. Hauvutiki karibu kabisa, so ukivuta, ndoana inaingia papo hapo na samaki anageuzwa kabla hajajifunga kwa mizizi. Unakata majani laini kama kisu. Unakata pia vidole. Ukinasa kwa gogo usivute kwa mkono mtupu, zungushia kijiti kwanza. Kwa beitikasta usishuke chini ya paundi 30, na kwa mafunjo mazito weka 50, rangi ya kijani iliyokolea. Legeza breki ya rili kidogo, la sivyo utamrarua samaki mdomo.

Uzi wa kusukwa ukiufunga moja kwa moja kwa spuli unateleza wote pamoja, unabaki ukizungusha mkono bure. Anza na mizunguko kumi hivi ya monofilamenti ya zamani, unganisha, kisha endelea. Ujaze hadi ubaki kama milimita tatu kufika ukingo wa spuli. Fundo la Palomar linatosha aina zote tatu: kunja uzi mara mbili, pitisha kwa tundu la ndoana, funga fundo la kawaida, pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi, weka mate, vuta. Mate ni lazima, hasa kwa fluorokaboni, juu ukiikaza ikiwa kavu inaungua na kukatika ukiwa umeshashika.

Kabla ya nauli, fanya mazoezi mtaani. Funga nati ya bolti mahali pa ndoana, weka karai uwanjani, na utupe hadi dole gumba lijue kazi. Watoto watakucheka. Poa tu.

Ukifika Naivasha, pitia ofisi ya uvuvi kwa leseni na uulize watu wa BMU kama ziwa limefunguliwa. Na hii ndiyo sababu hatufanyi mchezo na uzi dhaifu: ukikatika kwa mafunjo, utashawishika kuingia majini kufuata chambo chako. Humo ndimo viboko hushinda, na wameua wavuvi wengi wa ziwa hilo. Chambo kikinasa, kata uzi ukiwa ndani ya boti na umwachie mwenye boti aamue kama kuna kusogea. Vipande vya uzi usitupe majini, ndege hunaswa miguu na mabawa. Viweke kwa chupa tupu ya soda, urudi nayo Donholm.