Mbegu Zilizovishwa Dawa

Swali linalotufikia mara kwa mara hapa chuoni ni hili: kwa nini tusizipake mbegu za miti ya asili mbolea na dawa ya ukungu, tukazimwaga porini tu, bila taabu ya kitalu? Kabla sijajibu, twende kwanza Louisiana, kusini mwa Marekani. Wenzetu wa huko walihangaika na jambo hili miaka mingi.

Kusini ile palikuwa na msitu wa asili wa misonobari yenye majani marefu, eka zipatazo milioni 90. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1920 makampuni ya mbao yakaufyeka karibu wote. Vikabaki visiki na nyasi. Kupanda miche kulikuwa na shida yake, maana msonobari huu mchanga hukaa miaka kadhaa kama shungi la nyasi, hauna shina, na miche mingi ilikufa ilipohamishwa. Basi watu wakasema, tumwage mbegu.

Wakamwaga. Ndege wakala, panya wakala. Mbegu yenyewe ni kubwa, ina mafuta, tena hulala juu ya ardhi wazi. Ungekuwa wewe ndege ungeiacha?

Njia ikapatikana miaka ya 1950. Miongoni mwa walioitafuta huko Louisiana ni wataalamu wa misitu William Mann na Harold Derr. Walichukua thiramu, dawa ya ukungu iliyojulikana tangu miaka ya 1930. Kumbe kazi kubwa waliyoitakia haikuwa ukungu: ndege akionja thiramu huchukizwa, akaenda zake. Kwa ajili ya panya wakatia endrini, sumu kali ya wadudu. Vyote vikakorogwa katika gundi ya mpira majimaji, mbegu zikachovywa, zikarushiwa unga wa aluminiamu ili ziteleze zisigandamane, kisha eropleni ikazimwaga. Mwaka 1971 Mann na Derr walitoa kitabu cha mwongozo, na maelfu kwa maelfu ya eka yalikwisha kupandwa hivyo.

Sasa utaniuliza, bwana shamba, mbolea iko wapi? Katika mchanganyiko ule haikuwamo. Mbegu ina akiba yake ya chakula ya kuanzia. Mbolea ya chumvichumvi ikigusana nayo huvuta maji, na kamzizi kachanga kanaungua. Ile inayobaki udongoni huwahiwa na magugu, nayo ndiyo adui mkubwa wa mche uliojikunyata chini kama nyasi.

Na dawa ya ukungu nayo ina mwisho wake. Msonobari ule husumbuliwa na ugonjwa wa madoa ya kahawia kwenye majani, ambao pia ni ukungu. Dawa iliyopakwa kwenye mbegu haiyafikii majani ya mwaka wa pili au wa tatu. Walichotumia ni moto wa kupimwa, unaounguza majani yenye ugonjwa na kuacha kichipukizi kilichofunikwa katikati. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi kuliko kwenye gundi.

Endrini ilileta hasara. Haiozi upesi, na inaua samaki na wanyama wengine wasiohusika. Ilikuwa miongoni mwa sumu 12 za kwanza katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwa hiyo usikubali mtu akuletee mbegu zenye dawa asiyoijua jina, hasa kama watoto wachunga mbuzi wanapita hapo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2016 wapo wanaozungushia mbegu za migunga na miti mingine ya asili vumbi la makaa lililofungwa kwa wanga, zikawa vidonge vyeusi. Makaa hayaui ukungu kama thiramu. Yanaificha mbegu kwa ndege na wadudu hadi mvua inyeshe na kidonge kiyeyuke. Mbuzi wakiwa wanapita hapo, utahitaji boma la miiba vilevile.