Vitamini A na kichomi cha surua: jibu lililopatikana Mvumi, Tanzania

Mtoto aliyelazwa kwa surua katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, miaka ya 1980, hakuhofiwa kwa sababu ya vipele. Vipele hufifia vyenyewe baada ya siku chache. Kilichohofiwa ni yale yanayofuata: njia ya hewa kuvimba hata sauti ikakauka, kuharisha, na juu ya yote kichomi, yaani nimonia, ambayo hadi leo ndiyo inayoongoza kwa kuwaua watoto waliopatwa na surua.

Swali lililochunguzwa hospitalini hapo lilikuwa jepesi kulitamka: je, mtoto huyo akipewa vitamini A, ataokoka? Jibu lake limewafaa watoto wa nchi nyingi, zikiwamo hizi zetu zinazopakana na Tanzania. Hata hivyo, limevutwa mno kupita mipaka yake, hadi watu wakaamini kwamba kila ugonjwa mzito wa mapafu huponywa kwa vitamini. Makala haya yanaeleza lililothibitika na lisilothibitika.

Kutoka machoni hadi mapafuni

Habari hii ilianzia kwenye macho. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A kwanza hushindwa kuona giza linapoingia; baadaye macho hukauka, na hatimaye kioo cha mbele cha jicho huweza kulainika na kutoboka. Alfred Sommer, daktari wa macho wa Marekani aliyefanya utafiti wake nchini Indonesia, alibaini kwamba watoto wenye dalili hizo, hata zikiwa hafifu, walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Sababu haiko mbali. Vitamini hiyo huutunza utando laini unaolifunika jicho, utumbo na njia ya hewa. Utando ukidhoofika, vijidudu hupata mlango, na askari wa mwili wanaopaswa kuvizuia nao huwa wamelegea. Surua hushambulia utando uleule, na wakati huohuo huimaliza akiba ndogo ya vitamini iliyosalia kwenye ini.

Ndiyo maana surua ilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya upofu wa watoto Afrika, na ndiyo maana utafiti wa Mvumi ulimhusisha daktari wa macho, Allen Foster, pamoja na mwenzake Barclay na Sommer mwenyewe. Watoto 180 waligawanywa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 za vitamini A walipolazwa, na kiasi hichohicho siku iliyofuata. Wengine 92 walipata matibabu ya kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliopewa vitamini walikufa 6, wasiopewa walikufa 12.

Tofauti hiyo, kwa idadi ndogo namna ile, ingeweza kuwa ya bahati, na watafiti hawakulificha hilo. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka miwili hali ilikuwa dhahiri zaidi: alikufa mmoja kati ya 46 waliopewa, dhidi ya saba kati ya 42 wasiopewa. Miaka mitatu baadaye Cape Town, Afrika Kusini, ilileta ushahidi wenye nguvu zaidi. Katika watoto 189 wenye surua kali, walikufa wawili kati ya 92 waliopata vitamini A, na kumi kati ya 97 waliokosa. Waliopata vitamini walipona nimonia kwa wastani wa siku 6 hivi. Wenzao walihitaji zaidi ya siku 12.

Inafaa kukumbushwa kwamba jambo hili lilikwisha kudokezwa zamani. Mwaka 1932, daktari Ellison wa London aliwapa watoto 300 wenye surua mafuta ya ini la samaki yenye vitamini nyingi, akawalinganisha na wengine 300. Walikufa 11 upande mmoja na 26 upande wa pili. Kisha habari hiyo ikalala kwa zaidi ya nusu karne.

Kipimo cha damu kinapotuhadaa

Karibu watoto wote wa Mvumi walikuwa na vitamini A kidogo mno katika damu. Hapo ndipo panapohitaji uangalifu, kwa maana kiwango cha chini katika damu ya mgonjwa kinaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni kwamba mtoto alikuwa na upungufu tangu awali, na upungufu huo ukamdhoofisha. La pili ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliokishusha kipimo. Homa kali inapoingia, ini hupunguza kutengeneza protini inayoibeba vitamini A katika damu, na nyingine hupotelea kwenye mkojo. Vitamini D nayo hushuka namna hiyo. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti nchini Uingereza, watu wasio na maambukizi yoyote, walionekana kupoteza kiasi cha asilimia 40 ya vitamini D iliyopimwa katika damu baada ya upasuaji. Hawakubadilisha chakula wala kukosa jua. Mwili ulikuwa umejeruhiwa tu.

Kwa hiyo, tukikuta kwamba wagonjwa mahututi wana vitamini kidogo kuliko wenye nafuu, bado hatujajua kama vitamini ingewaokoa. Njia ya kujua ni ile ya Mvumi: kuwapa baadhi, kutowapa wengine, na kuhesabu.

Sisi wafasiri wa vyumba vya habari tunalijua tatizo hili kwa upande wake mwingine. Ripoti ya Kiingereza husema kwamba upungufu fulani “unahusiana” na vifo. Saa ya taarifa ya habari imewadia, neno hilo linageuzwa kuwa “unasababisha”, na msikilizaji anatoka kwenda duka la dawa na fedha za chakula. Mwandishi wa makala haya alilikuta kosa hilo katika rasimu yake mwenyewe mwaka 2020, muda mfupi kabla ya kusomwa hewani.

Mwaka huo habari zilikuwa za UVIKO-19 na vitamini D. Hospitali nyingi ziliripoti kwamba waliozidiwa walikuwa na vitamini D kidogo. Majaribio yalipofanyika, matumaini yakapungua. Huko São Paulo, Brazili, wagonjwa 240 waliolazwa walipewa ama dozi moja kubwa ya yuniti 200,000 za vitamini D ama dawa isiyo na kitu. Siku za kukaa hospitali hazikutofautiana, wala vifo havikupungua. Uingereza iliwahusisha watu wapatao 6,200 kwa miezi sita, na waliopimwa na kupewa vitamini D hawakuugua kidogo kuliko wenzao. Nako Marekani, hata kabla ya janga hilo, dozi kubwa sana iliyopewa wagonjwa mahututi wenye upungufu uliothibitishwa haikupunguza vifo.

Haimaanishi kwamba vitamini D haina kazi. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwakuta watoto wenye nimonia wakiwa na matege mara nyingi kuliko watoto wengine, kwa uwiano wa takriban 13 kwa 1. Mbavu laini hazimsaidii mtoto kukohoa wala kuvuta hewa. Na hiyo ni nchi yenye jua tele. Mtoto anayefungiwa ndani na kufunikwa nguo haliono.

Dar es Salaam ikaweka mpaka

Ikiwa vitamini A huwaokoa watoto wenye nimonia ya surua, je, itawafaa wenye nimonia ya aina nyingine? Tanzania ililijibu hilo pia. Katika miaka ya 1990 watoto 687 waliolazwa kwa nimonia jijini Dar es Salaam walishirikishwa katika jaribio. Vitamini A haikufupisha homa, haikuondoa upungufu wa oksijeni, wala haikuwaruhusu watoto kurudi nyumbani mapema. Walipofuatiliwa kwa muda mrefu baada ya kutoka hospitali, vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 49, na manufaa hayo yalionekana zaidi kwa wenye virusi vya UKIMWI. Ilijenga afya ya baadaye. Haikutibu kichomi cha siku ile. Huko Lima, Peru, watoto wenye nimonia waliopewa dozi kubwa hata walionekana kuwa na hali mbaya kidogo kuliko wenzao.

Tofauti hii ndiyo inayopotea sokoni. Mtoto mwenye nimonia isiyo ya surua anahitaji dawa ya kuua bakteria na, akizidiwa, oksijeni. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, apelekwe kituo cha afya. Ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, asisubirishwe hata usiku mmoja ili kuona kama vidonge vya vitamini vitafanya kazi.

Dozi zinazotolewa

Kwa surua, Shirika la Afya Duniani linashauri vitamini A itolewe kwa siku mbili mfululizo: yuniti 50,000 kila siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na zaidi. Mwenye dalili za macho hupewa dozi ya tatu baada ya wiki 4 hadi 6. Siku ya pili isiachwe. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali umeonyesha kwamba dozi mbili hupunguza vifo vya watoto wadogo, ilhali kwa dozi moja faida hiyo haikuonekana.

Dozi hizo hutolewa na mhudumu wa afya. Vitamini A haitoki na mkojo kama vitamini C. Hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi ni sumu, hasa kwa mimba. Mwaka 2025, surua ilipozuka magharibi mwa Texas, Marekani, madaktari waliwapokea watoto kadhaa wenye dalili za ini kuathirika kwa vitamini A iliyotumiwa kupita kiasi. Wala haizuii surua. Kazi hiyo ni ya chanjo.

Chakula hakina hatari hiyo kwa mboga na matunda: viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, matembele, maembe, na mafuta mekundu ya mawese yanayojulikana sana kando ya Ziwa Tanganyika. Mawese yakichomwa motoni hadi yakapoteza wekundu wake, na manufaa haya hupotea.

Wazazi wengine huuliza kama mtoto aliyepata matone ya vitamini A katika kampeni ya mwezi uliopita apewe tena akishikwa na surua. Ndiyo, apewe dozi zote mbili, na mhudumu aziandike kwenye kadi ya kliniki pamoja na tarehe zake.