Kidonda Kidogo: Kutoka Bunyoro hadi Mengo na Kinyara

Leo ni zamu ya historia. Ni historia ya vitu unavyovijua: goti la mtoto lililochubuka akikimbilia bomba la maji, kidole kilichokatwa na kisu cha kumenyea matoke, mguu uliokwaruzwa na bati. Utasema ni mambo madogo hayo. Lakini hapa Uganda vidonda vya namna hiyo vimeandikiwa vitabu, na sehemu moja ya habari yake inawahusu wakimbizi waliotutangulia.

Tuanzie Bunyoro, mwaka 1879. Wewe uliye Kyangwali, ni upande wako huohuo. Mwingereza mmoja kijana, Robert Felkin, alikuwa akipita mahali panapoitwa Kahura. Hapo alimwona mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Kabla ya kukata, mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Alipomaliza alifunga jeraha kwa misumari myembamba 7 ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, akaizungushia uzi wa gome la mti, akapaka dawa ya mizizi na kufunika kwa jani la mgomba. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa Edinburgh mwaka 1884.

Sasa linganisha na Ulaya. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaambia wenzake wanawe mikono kabla ya kuwagusa akina mama wanaojifungua. Wengi walimkasirikia. Joseph Lister alianza kueleza faida ya kusafisha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu mwaka 1867, miaka 12 tu kabla ya siku ile ya Kahura. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema usafi wa kidonda tuliletewa na wageni, namwambia akaulize Bunyoro.

Ila ngoja, usikimbilie chupa ya waragi. Mganga yule alitumia kilichokuwepo. Pombe kali ikimiminwa kwenye nyama iliyo wazi inachoma na kuumiza nyama nzima inayotaka kupona. Maji safi na sabuni vinatosha.

Hapa Kampala, Daktari Albert Cook alifika Februari 1897 baada ya kutembea kutoka pwani ya Mombasa. Katika msafara huo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mwaka huohuo walifungua hospitali ya Mengo, nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Mwaka 1902 radi iliiunguza, ikajengwa tena. Cook alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na daftari zake zimehifadhiwa Makerere. Katika maandishi ya 1897 alieleza vidonda vikubwa vinavyokula ngozi. Miaka mingi baadaye madaktari walivisoma wakatambua ugonjwa ambao leo unaitwa Buruli, kwa jina la kaunti ya Buruli, Nakasongola, ambako wagonjwa wengi walionekana.

Na hapa ndipo wakimbizi wanapoingia. Miaka ya 1960 watu waliokimbia Rwanda walipewa makazi Kinyara, huko Bunyoro, si mbali na mto Nile. Ugonjwa huo ukawashika, hasa watoto, kwenye mikono na miguu. Madaktari wakaenda kuwachunguza, na mwaka 1971 wakachapisha waliyoyaona. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu Buruli yalijifunzwa kwenye miguu ya watoto wa wakimbizi wale. Watu wanawajua madaktari kwa majina. Watoto hao sijaona mahali majina yao yalipoandikwa.

Buruli huanza kama uvimbe mdogo usiouma, ndiyo maana watu huupuuza. Huonekana zaidi karibu na vinamasi na maji yanayotembea polepole. Ukiwahi, unatibiwa kwa vidonge vya wiki 8. Ukichelewa, ngozi inaliwa, na hata ukipona kiungo kinaweza kubaki kimekunjamana.

Michubuko mingi, asante Mungu, si Buruli. Basi nyumbani ufanye hivi. Nawa mikono wewe kwanza, mama au kaka unayehudumia. Kama damu inatoka, bana kwa kitambaa safi bila kuachia, dakika 10, usifunuefunue kuchungulia. Kisha mimina maji safi juu ya kidonda mpaka mchanga wote utoke; maji ya jerikani yaliyochemshwa yakapoa ni mazuri. Sabuni paka pembeni yake. Funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani, ubadilishe kila siku au kikilowa.

Majivu, mavi ya ng'ombe, dawa ya meno, unga wa betri: hapana. Najua bibi zetu walitumia majivu, na kweli yanakausha. Lakini vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na pepopunda ikishaanza hata hospitali kubwa inahangaika nayo.

Msumari ukikuchoma mguuni, jeraha likiwa na kina, au likiingia uchafu usiotoka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie sindano ya pepopunda. Mbwa akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hata kama ni alama ya jino moja tu. Wekundu unaotambaa, usaha, homa, uvimbe usiouma unaokua: usingoje Jumatatu. Ukiwa kambini, anza kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako, yeye anajua kituo kipi kiko wazi usiku.