Heshima kwa mgonjwa mzee

Heshima kwa mgonjwa mzee ni namna ya kumhudumia mtu mwenye umri mkubwa hospitalini au katika zahanati kwa kumtambua kuwa ni mtu mzima mwenye haki ya kusikilizwa, kuelezwa hali yake, kuamua kuhusu matibabu yake na kusitiriwa mwili wake. Suala hili si la adabu tu: mgonjwa asiyepewa nafasi ya kusema huacha dalili bila kutajwa, na daktari hukosa habari za kumsaidia kutambua ugonjwa.

Sheria na sera

Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni kuhusu wazee, na heshima ni moja ya mafungu yake matano. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwaka 2016. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja haki ya wazee kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi. Hospitali nyingi za umma nchini humo zimetenga dirisha au chumba cha wazee ili wasikae muda mrefu kwenye foleni.

Mazungumzo na daktari

Wazee wengi husindikizwa na mtoto, mjukuu au jirani. Kosa la kawaida ni daktari kumuuliza msindikizaji, "Anaumwa nini?" wakati mgonjwa mwenyewe amekaa hapohapo. Inafaa mgonjwa asalimiwe na kuulizwa kwanza, kisha msindikizaji aongeze kwa ruhusa yake. Kwa desturi ya Waswahili, daktari kijana humwamkia mgonjwa mzee "Shikamoo". Cheo hakimwondolei wajibu huo. Hata hivyo salamu haitoshi ikiwa baadaye mzee atasemeshwa kama mtoto mdogo.

Uzee hupunguza hasa uwezo wa kusikia sauti nyembamba, hivyo kupiga kelele hakusaidii sana. Husaidia zaidi kumkabili mgonjwa usoni, kusema taratibu kwa sentensi fupi, na kumwomba aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyotumia dawa.

Faragha

Kuna mambo ambayo mzee haoni rahisi kuyasema mbele ya watoto wake: kushindwa kuzuia mkojo, matatizo ya unyumba, kuanguka mara kwa mara, hata kupigwa au kunyimwa chakula nyumbani. Kwa sababu hiyo daktari anapaswa kupata muda wa kuzungumza naye peke yake. Wakati wa kupimwa, pazia hufungwa na sehemu inayochunguzwa tu ndiyo hufunuliwa. Mgonjwa anaweza pia kuomba kupimwa na mtu wa jinsia yake.

Hatari ya kusema "ni uzee tu"

Kuhesabu kila dalili kuwa ni uzee kunaweza kuficha ugonjwa unaotibika. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kusababishwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa. Na kwa wazee maambukizi makali huweza kutokea bila homa. Kizunguzungu wakati wa kusimama huweza kutokana na dawa za shinikizo la damu. Kutoona vizuri huweza kuwa mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Mgonjwa hushauriwa kwenda na dawa zake zote, zikiwemo za mitishamba, naye asikaripiwe kwa kuzitaja.

Ridhaa na familia

Umri peke yake haumwondolei mtu haki ya kukubali au kukataa matibabu. Mvutano hutokea pale familia, ambayo mara nyingi ndiyo inayolipia, inapomwomba daktari amfiche mgonjwa habari ya ugonjwa mzito kama saratani. Njia inayofaa ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na nani aelezwe pamoja naye. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kueleza anapoumia na anachokitaka. Uwezo wake hupimwa kwa kila uamuzi, si mara moja kwa yote.

Tazama pia

Uzee
Haki za binadamu
Uuguzi