Mtu wa Dakika za Lala Salama

Mwaka wa 1969 binadamu alikanyaga mwezi. Mwaka uo huo ligi kuu za besiboli za Marekani zilianza kuhesabu rasmi kazi moja ambayo hadi hapo haikuwa na hesabu. Na tarehe 29 Novemba, mwaka huo huo tena, akazaliwa huko Panama mtoto ambaye angekuja kuifanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Jina lake Mariano Rivera.

Wengi wetu tumelelewa na kandanda, kwa hivyo hebu nieleze kidogo. Katika besiboli, mrushaji husimama katikati ya uwanja akimtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Mchezo una raundi 9, na mkono wa mtu huchoka. Anayeanza hupumzishwa, wengine wakampokea, na wa mwisho kuingia ndiye mmaliziaji. Anakuta timu yake inaongoza, pengine kwa pointi moja tu, na kazi yake ni kuulinda uongozi huo. Sisi tungeziita dakika za lala salama, ila besiboli haina saa ya kumaliza mchezo. Huwezi kujilaza chini ukishika goti mpaka kipenga kilie. Lazima uwatoe wapigaji watatu, mmoja mmoja, hata kama itachukua usiku kucha.

Zamani kazi hii ilikuwa ya warushaji walioonekana hawafai kuanza. Vitabu vya takwimu viliandika nani kashinda na nani kashindwa, basi. Mwaka wa 1959 Elroy Face, mrushaji wa akiba wa Pittsburgh, alimaliza msimu akiwa na ushindi 18 na kushindwa 1. Watu wakapigwa na butwaa. Lakini Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, alitazama kwa makini: baadhi ya ushindi huo Face aliupata baada ya yeye mwenyewe kupoteza uongozi, kisha wenzake wakamkomboa. Kumbe aliyeharibu ndiye aliyesifiwa! Holtzman akabuni hesabu mpya ya kumpa mmaliziaji haki yake. Tuiite uokoaji. Ndiyo hiyo iliyokuja kuwa rasmi mwaka wa 1969.

Rivera alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi. Glavu zao za utotoni zilikuwa za katoni, na mipira ilikuwa vipande vya nyavu kuukuu vilivyofungwa kwa utepe. Aliyewahi kucheza mpira wa makaratasi na nailoni hahitaji mkalimani hapo. Babake alikuwa nahodha wa mashua ya kuvua dagaa. Kijana akaacha shule akaingia baharini naye. Mwaka wa 1990 klabu ya New York Yankees ilimsajili kwa dola 2,500 hivi, akasafiri kwenda Marekani bila kujua Kiingereza.

Alipopanda hadi ligi kuu Mei 1995, alianza mechi ya kwanza na timu yake ikachapwa 10–0. Hakuwa mwanzilishi. Mwaka wa 1997 akapewa kazi ya kumaliza, na katikati ya msimu huo, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza wakipasha misuli moto, mpira ukaanza kukata kona wenyewe. Unakwenda moja kwa moja, kisha unapomkaribia mpigaji unahepa ghafla. Alijaribu kuunyoosha, ukakataa. Akaukubali kama zawadi ya Mungu, na akaishi kwa mpira huo miaka 17. Kila mpigaji alijua unakuja. Gongo likavunjika vile vile. Mwaka wa 2013 timu ya Minnesota ilimuaga kwa kiti kilichotengenezwa kwa magongo yaliyovunjika.

Sasa tufike pale panaponishika mimi. Tarehe 4 Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, New York ilikuwa ikicheza mechi ya mwisho ya fainali ugenini Arizona. Raundi ya 9, Yankees 2, Arizona 1, Rivera ana mpira. Mara 23 mfululizo alikuwa ameokoa mechi za mchujo. Usiku ule akarusha vibaya kwenye kituo cha pili, wenyeji wakasawazisha, na Luis Gonzalez akaupiga mpira mnyonge ukaelea juu ya vichwa vya walinzi. Arizona 3, Yankees 2. Kwisha.

Kushindwa huko kulifuta gwaride la ubingwa. Mwenzake, Enrique Wilson, alikuwa amepanga kurudi kwao Jamhuri ya Dominika baada ya gwaride. Likiwa halipo, akaondoka mapema. Ndege aliyopaswa kupanda ilianguka Queens tarehe 12 Novemba, na watu 265 wakafa. Baadaye Rivera alisema ni afadhali walishindwa, maana bado ana rafiki yake. Hakuna safu ya uokoaji wa namna hiyo katika kitabu cha Holtzman.

Mgongoni alivaa 42, namba ya Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka wa 1947. Namba hiyo ilistaafishwa ligi nzima mwaka wa 1997, waliokuwa nayo wakaruhusiwa kuendelea. Wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Rivera peke yake. Septemba 2013, marafiki zake Andy Pettitte na Derek Jeter walimfuata uwanjani kumtoa kwa mara ya mwisho, akalia begani mwa Pettitte. Mwaka wa 2019 wapiga kura wote 425 walimchagua kuingia Ukumbi wa Mashujaa. Kabla yake hakuna aliyewahi kukosa kura hata moja ya kumpinga.

Wapenzi wa besiboli hupenda kusema kwamba watu 12 wamekanyaga mwezi, lakini katika mechi zote za mchujo Rivera alihesabiwa pointi 11 tu. Ni mzaha mtamu. Mimi nashika hesabu nyingine: uokoaji 652 katika misimu ya kawaida, rekodi, na mara 80 ambapo uongozi ulimponyoka. Mara 80 jasho la wenzake wa saa tatu lilimwagika mikononi mwake, mbele ya watu wote, bila mtu wa kumsingizia. Anayeanza akivuruga husubiri siku kadhaa ndipo arudi. Mmaliziaji huenda akaitwa kesho jioni, uwanja ule ule, uongozi wa pointi moja. Holtzman alitaka kazi ya mwisho ihesabiwe kwa haki, na ukitaka kumsoma Rivera kwa haki, anza na zile 80, kisha uulize alirudije siku iliyofuata.