Plagi na utunzaji wa injini za D-4: Kosa dogo hugharimu injini nzima

YEYOTE aliyewahi kutafuta gari la mtumba katika maeneo ya Bungoma na Kitale hakosi kuonywa angalau mara moja: “Hilo ni D-4, achana nalo.” Kutokana na onyo hilo, gari huuzwa kwa bei ya kutupa. Anayelinunua hurejea nalo Malakisi akidhani kabahatika, mpaka asubuhi moja injini inapoanza kutetemeka na kukosa nguvu. Hapo jambo la kwanza huwa ni kubadilisha plagi, na si ajabu gari likatoka kwa fundi likiwa na hali mbaya kuliko lilivyoingia.

Kwa maoni yangu, hofu hiyo imetiwa chumvi. Injini hizi hazina laana yoyote. Zimeponzwa na kutunzwa kama kwamba ni zile za zamani.

Tofauti ni hii. Katika injini ya kawaida petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu, kwa shinikizo lisilozidi sana lile la upepo wa gurudumu. Katika injini ya sindano ya moja kwa moja, petroli huingizwa ndani ya silinda yenyewe, karibu na plagi, kwa shinikizo linaloweza kufika mara 30 hadi 40 ya hilo. Mbinu hii si ngeni. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa nayo, ingawa ni Mitsubishi iliyoieneza kwa magari ya kawaida mwaka 1996 kwa jina la GDI, na Toyota ikafuata mwaka uo huo kwa jina la D-4.

Kabla ya kununua plagi, msomaji, fungua boneti usome kibati cha gari. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000, injini ambayo jina lake linaishia kwa FE ni ya kawaida, nayo inayoishia kwa FSE ni D-4. Probox yenye injini ya 1NZ-FE, gari lililozoeleka mno kwenye barabara zetu, haimo katika kundi hili. Premio ya lita 2 yenye 1AZ-FSE imo, na vivyo hivyo Noah na Voxy za kati ya 2001 na 2007. Mazda Demio zilizotolewa Japani kuanzia 2014 zikiwa na injini za petroli za Skyactiv nazo zimo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, injini za aina hii zitazidi kuongezeka, hata mashinani.

Sasa plagi. Katika injini hizi, mahali cheche inapotokea kuhusiana na wingu la petroli ni jambo lililopimwa kwa makini. Plagi iliyo fupi au ndefu kwa milimita chache huweza kuwaka pasipo petroli ya kutosha, ingawa nyuzi zake zinaingia vizuri kabisa. Kwa sababu hiyo usikubali kuambiwa kwamba “hii pia inaingia.” Nunua namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kwenye plagi za Denso na NGK, namba 11 mwishoni huashiria mwanya wa milimita 1.1. Namba ya joto nayo ina maana yake: kwa kampuni hizo mbili, inapokuwa kubwa ndivyo plagi inavyopoa upesi. Kwa Bosch mambo ni kinyume.

Plagi za iridiamu hudumu takriban kilomita 100,000, ilhali zile za kawaida huchoka baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000. Hata hivyo, gari la mtumba haliaminiki kwa kilomita zake, na ni heri kuanza na plagi mpya. Plagi ya iridiamu isisuguliwe kwa brashi ya waya, wala ncha yake isipindwe ili kurekebisha mwanya. Ncha hiyo ni nyembamba na huvunjika. Bei ya chini kupita kiasi nayo ni dalili ya bidhaa ghushi, jambo ambalo Kenya ina sheria dhidi yake tangu 2008 lakini halijatoweka madukani.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa baridi. Kichwa cha injini ni cha alumini, na plagi inayong’olewa kikiwa moto huweza kutoka na nyuzi zake. Ng’oa koili moja baada ya nyingine na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Kisha puliza vumbi lililo kwenye shimo kabla ya kulegeza plagi, la sivyo mchanga wote utaangukia ndani ya silinda. Hapa kwetu vumbi la kiangazi ni jingi, na magari mengi huoshwa kwa maji ya kasi mpaka kwenye injini. Maji hayo hutuama katika mashimo ya plagi, yakaharibu koili, halafu lawama ikaiendea D-4.

Plagi mpya ianze kuingizwa kwa mkono, au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa juu yake. Ikigoma, itoe uanze upya. Ikishakaa, ikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu. Asiye na spana hiyo aongeze takriban nusu mzunguko tu kwa plagi mpya yenye washa. Nyuzi zisipakwe grisi: huifanya plagi ikazwe kupita kiasi bila fundi kuhisi.

Plagi kuukuu zisitupwe upesi, kwani zina habari. Rangi ya kijivu au hudhurungi ni afya. Masizi makavu ni petroli nyingi au safari fupi fupi, kama zile za kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Plagi iliyolowa oili inaashiria pete au sili za valvu zilizochakaa. Mzunguko wa kahawia kwenye kauri, juu tu ya chuma, huwatia hofu wengi ingawa hauna madhara.

Iwapo mtetemo utaendelea hata baada ya plagi na koili kuwa sawa, shuku valvu. Katika injini ya kawaida, petroli huzisafisha valvu za hewa kila inaponyunyizwa. Katika D-4 petroli haizigusi kamwe, hivyo masizi hujikusanya juu yake. Dawa ya kutia katika tangi husafisha nozeli, lakini haiwezi kufika kwenye valvu hizo. Tiba ni kufungua bomba la hewa na kuzikwangua, valvu za silinda hiyo zikiwa zimefungwa ili uchafu usidondoke ndani. Toyota yenyewe ililitambua tatizo hili, na tangu 2005 baadhi ya injini zake, ziitwazo D-4S, zina nozeli za aina zote mbili.

Oili ibadilishwe mapema. Nusa kijiti cha kupimia: kikinuka petroli, au kiwango kikipanda badala ya kushuka, huenda pampu ya shinikizo inavuja ndani. Petroli nayo inunuliwe katika kituo cha kuaminika, si ya kwenye chupa kando ya barabara. Mwaka 2018 serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzima uchanganyaji wake na mafuta ya magari. Mchanganyiko huo huchafua plagi na kuifanya injini igonge.

Mabomba ya chuma yanayotoka katika pampu hiyo yasilegezwe na fundi asiyejua kuondoa shinikizo kwanza, hata injini ikiwa imezimwa. Petroli inayofyatuka humo huweza kupenya ngozi, na aliyechomwa nayo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la mwiba.